Maswali ya Wafugaji: Shamba Dogo la Ng'ombe Ayalandi na Zizi la Pwani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya Ayalandi. Wengine wana jamaa waliokwenda huko kazini, wengine ni wafugaji wetu wa Kisauni hadi Mtwapa walioona picha za ng'ombe wakila majani mabichi na wanataka kujua hali hiyo hudumu vipi. Tumejibu tulizoweza, na panapofaa tumeonyesha lipi lafaa kuletwa Pwani na lipi liachwe huko huko.

*Salamu wahariri. Nimepata kazi kwa mfugaji wa magharibi ya Ayalandi mwenye majike 25 ya kuzalisha ndama wa nyama. Mimi nimezoea ng'ombe wa kienyeji wa babu yangu Kaloleni. Kazi ya siku huwaje, na ni hatari gani nisizozijua?*
Kijana wa Likoni

Jibu: Hongera, ndugu yetu. Kwanza fahamu kwamba mwaka wa kule umegawika sehemu mbili. Tangu Machi au Aprili ng'ombe huwa malishoni. Oktoba au Novemba huingizwa bandani na hawatoki mpaka majani yaanze kuota upya. Si kwamba ng'ombe hawezi baridi. Akiwa mkavu na hapigwi na upepo, huivumilia vizuri. Tatizo ni ardhi: mvua hunyesha kila mwezi, udongo hulowa, na kwato za ng'ombe wa kilo 600 hulivuruga shamba likawa tope ambalo majira yajayo halitoi majani ya maana.

Kwa hiyo utakapofika wakati wa baridi kazi yako ni ya bandani. Desemba jua huchomoza kati ya saa mbili u nusu na saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi na kitu jioni, basi mwanzo na mwisho wa kazi ni kwa taa. Utaweka sileji (majani yaliyochachushwa bila hewa ili yasioze) mbele ya ng'ombe, utasukuma karibu ile waliyoitawanya, utakwangua samadi, utawatandikia ndama nyasi kavu, na utakagua maji, hasa asubuhi za barafu ambapo mabomba huganda. Halafu simama uwatazame mmoja mmoja. Nani hakuja kula? Nani anakohoa? Nani amejitenga na kuinua mkia? Usiharakishe hapo. Nimonia ya ndama huanza kwa kikohozi kidogo, na mara nyingi chanzo chake ni banda lililozibwa kila upenyo kwa kuhofia baridi, hewa ya joto na unyevu ikakosa pa kutokea. Hewa itoke juu na iingie pembeni, ila isimpulizie ndama moja kwa moja alipolala.

Sasa hatari. Ile inayoua bila kelele ni samadi. Mabanda mengi yana sakafu ya zege yenye mianya, na kinyesi na mkojo hudondokea kwenye shimo kubwa lililo chini yake. Sheria inakataza kumwaga samadi hiyo ya majimaji shambani kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi kati ya tarehe 12 na 31 Januari kulingana na eneo, ili mvua isiisombe mpaka mitoni. Shimo hukaa miezi limejaa, na gesi iitwayo haidrojeni salfaidi hunaswa ndani ya ule uji mzito. Siku ya kuikoroga kwa pampu ili ivutike, gesi hutoka kwa mkupuo. Ikiwa kidogo hunuka mayai viza. Ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo usiposikia harufu usidhani ni salama. Pumzi chache za gesi iliyokolea zatosha kumwangusha mtu mzima.

Utaratibu ni huu, na usikubali mtu akuharakishe. Chagua siku yenye upepo. Siku tulivu ahirisha. Toa ng'ombe wote bandani, na mbwa pia. Fungua milango yote. Hakikisha hakuna mtoto karibu. Washa pampu ukiwa nje, kisha ondokeni wote mara moja na msirudi kabla ya angalau dakika 30 kupita. Mkihamishia pampu mdomo mwingine wa shimo, hesabuni dakika 30 upya. Mtu akianguka shimoni au akizirai bandani, usiingie kumtoa. Piga simu ya dharura, 112 au 999. Wapo waliokufa wakifuatana kwa namna hiyo, wa pili akimfuata wa kwanza kwa nia njema.

Hili twalisema hata kwa wasomaji wa Mombasa, maana mashimo ya vyoo na ya gesi ya samadi hutoa gesi hiyo hiyo. Fundi asiteremke shimoni kwa sababu tu amefunika pua kwa kitambaa. Kitambaa hakizuii gesi.

Hatari ya pili ni ile shafti inayotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine. Huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde, na nyingine mara 1,000. Kamba ya koti ikinaswa huna wakati hata wa kupiga kelele. Kifuniko chake cha plastiki kikivunjika, mashine isimame mpaka kiwekwe kipya. Usivae nguo yenye ncha zinazoning'inia, na usiiruke shafti inayozunguka.

Ya tatu ni jike aliyetoka kuzaa. Watu humwogopa fahali peke yake, na ni haki aogopwe, lakini jike mpole wa jana anaweza kukulaza chini ukimgusa ndama wake. Ukitaka kumvisha ndama hereni ya utambulisho au kumpaka iodini kitovuni, weka geti kati yako na mama. Mwisho, zile pikipiki za magurudumu manne: tangu Novemba 2023 sheria ya huko yataka anayeiendesha kazini awe amepata mafunzo na avae helmeti. Mwambie mwajiri akupeleke mafunzo kabla hujaigusa.

Wamiliki wengi wa mashamba madogo wana kazi nyingine mchana, hivyo huenda ukabaki peke yako. Simu ikae mfukoni, usiiache kwenye trekta.

*Mtu mwenye majike 25 aishije Ulaya? Hapa kwetu Mombasa huyo angekuwa tajiri.*
Baba wa watoto wanne, Changamwe

Jibu: Aishi kwa shida kidogo, bwana. Majike 25 yakifanya vyema yatampa ndama 23 au 24 kwa mwaka, na wengi huuzwa mnadani msimu wa vuli wakiwa na miezi kama minane. Maana yake fedha za mauzo huja mara moja, lakini gharama za mbolea, dizeli, daktari na plastiki ya kufungia sileji huja mwaka mzima. Ruzuku ya Umoja wa Ulaya ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kipato cha mashamba ya namna hii, na ndiyo sababu mwenyewe hufundisha shule au hujenga nyumba za watu mchana.

Jambo ambalo huwezi kulikwepa kule ni karatasi. Kila ndama huvishwa hereni mbili ndani ya siku 20 za kuzaliwa na kuandikishwa ndani ya siku 27. Hereni moja hukata kipande kidogo cha sikio kinachopelekwa maabara kupima virusi vya BVD, ugonjwa unaodhoofisha ndama na kuharibu mimba. Kipimo hicho ni cha lazima tangu 2013. Ng'ombe asiye na rekodi hauziki, hata akiwa mnono vipi.

*Nina ng'ombe watatu wa maziwa. Januari hadi Machi majani hukauka na maziwa hupungua. Jirani alishindilia majani ya nepia kwenye pipa, alipofungua ikanuka kama siagi iliyooza na ng'ombe wakaikataa. Watu wa Ayalandi hukaa miezi mitano kwa sileji, wao hufanyaje?*
Mama wa Bamburi

Jibu: Mama, swali lako ndilo tulilolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo kuna jambo la kuiga.

Wao huanza na hesabu. Jike mmoja mkubwa wa nyama hula karibu tani 1.4 za sileji kwa mwezi. Majike 10 kwa miezi mitano ni tani 70, na hesabu hiyo hufanywa kabla ya kukata jani la kwanza. Kisha hukata mapema, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, majani yakiwa bado na majani mengi kuliko mabua, kabla hayajatoa mbegu. Wakichelewa wiki tatu watapata mzigo mkubwa zaidi lakini wa mabua, na ng'ombe atashiba bila kupata nguvu. Hukata umande ukishakauka, huyaacha majani yanyauke kama siku moja, kisha huyafunga marobota ya mviringo ya kilo 600 hadi 800 yanayozungushiwa plastiki tabaka nne hadi sita, au huyarundika kwenye zege, huyashindilia kwa trekta, huyafunika kwa plastiki nyeusi na kuikandamiza kwa matairi makuukuu.

Yote hayo yana shabaha moja: hewa itoke haraka na isirudi. Bila hewa, bakteria wazuri hugeuza sukari ya majani kuwa asidi, ile ile inayogandisha maziwa, na asidi hiyo huyahifadhi. Sasa tazama pipa la jirani. Harufu ya siagi iliyooza yaonyesha bakteria wabaya waliopata nafasi kwa sababu majani yalikuwa na maji mengi, au sukari haikutosha, au udongo uliingia. Nepia ina maji mengi na sukari kidogo, basi huenda vyote viwili vilimpata. Kama ingekuwa ukungu mweupe au mweusi, tungesema hewa iliingia.

Kwa ng'ombe wako watatu, hesabu ni hii: kilo 25 kwa kila mmoja kwa siku, kwa siku 90, ni kilo 6,750. Weka hasara ya kama asilimia 15, ufike tani 8. Hiyo ni mifuko 16 ya nusu tani. Bomba la plastiki nzito lenye upana wa mita 1.5, ukilikata urefu wa mita 2.5 na kulifunga ncha zote mbili, huchukua takriban nusu tani likishindiliwa vizuri.

Kata nepia ikiwa na kimo cha mita moja hivi. Usingoje ifike mita mbili kwa tamaa ya wingi. Iache inyauke tangu asubuhi hadi alasiri juu ya turubai au zege, isilale juu ya udongo. Ikatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Vipande virefu huacha mianya ya hewa na hutoboa mfuko. Kabla ya kuanza, fanya jaribio la mkono: kamata konzi, ibane kwa nguvu nusu dakika, kisha fungua. Maji yakichuruzika, bado ni mbichi mno. Donge likifunguka polepole, iko sawa. Likisambaratika papo hapo, imekauka kupita kiasi na haitashindiliwa vizuri.

Kwa kila kilo 100 za nepia, chukua kilo 3 au 4 za molasi, izimue kwa maji mara mbili yake, uinyunyize kwa kopo la kumwagilia huku mwenzako akigeuza. Mahindi yaliyokatwa punje zikiwa laini kama unga uliokandwa hayahitaji molasi, yana sukari yake. Jaza mfuko tabaka la sentimita 15, kanyaga mpaka kisigino hakizami, ndipo uongeze jingine. Kazi hii yataka watu na imalizwe siku ile ile kwa kila mfuko. Mfuko ulioachwa wazi usiku kucha umeshaanza kuharibika. Funga kwa mpira wa tairi la ndani, uweke kivulini mbali na panya na kuku, na kila juma tafuta matundu uyazibe kwa utepe mpana wa gundi. Kule adui ni kunguru. Hapa tuna kunguru pia, na panya juu yake.

Usifungue kabla ya wiki nne. Sileji nzuri ina rangi ya kijani iliyoelekea manjano na harufu ya uchachu kama mtindi. Ukifungua, toa angalau sentimita 15 kila siku uso mzima na ufunge tena, maana joto la Mombasa huharibu uso ulio wazi haraka kuliko baridi ya Ayalandi. Yenye ukungu itupe, usimpe hata ng'ombe asiyekamuliwa. Mkamuliwa mpe baada ya kukama, la sivyo maziwa yatachukua harufu. Na umzoeshe taratibu, robo ya lishe wiki ya kwanza.

Kata wakati wa masika, Mei na Juni, nepia inapokuwa nyingi hata wenye nayo wanaitupa.

*Ni kweli kwamba kule ng'ombe wote huzaa kwa pamoja? Na sisi tufanye hivyo?*
Mfugaji wa Mtwapa

Jibu: Wengi wao, kati ya Februari na Aprili. Mimba ni siku 283 kwa wastani, kwa hiyo jike aliyepandwa tarehe 1 Mei huzaa karibu tarehe 8 Februari. Ndama akipata miezi miwili au mitatu na kuhitaji maziwa mengi, majani ya Mei yako tayari. Ili jike azae kila mwaka tarehe hiyo hiyo, ana siku 82 tu za kushika mimba tena baada ya kuzaa, na jike aliyekonda hawezi.

Ukiuza ndama, mpango huo unakufaa. Lenga wazae katikati ya Aprili masika yakiingia, yaani wapandwe mwanzoni mwa Julai. Lakini ukiuza maziwa, tunakushauri usiuige. Wateja wa Mombasa wanataka maziwa kila siku, na Ramadhani huhitaji zaidi, na Ramadhani hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka bila kungoja masika. Gawa uzazi katika mafungu mawili au matatu.

Lililo la kuiga bila shaka ni huduma ya saa za kwanza. Chupa ya maji ikipasuka na saa mbili zikapita bila maendeleo, mwite daktari. Mkao mzuri ni miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Ukiona kwato zimeelekeza nyayo juu, huenda ni miguu ya nyuma, usivute kwa pupa. Kamba ifungwe juu ya kifundo cha mguu, na uvute pale tu mama anaposukuma. Ndama akitoka, safisha pua, paka iodini kitovuni, kisha dang'a, maziwa ya kwanza ya mama: lita 3 ndani ya saa mbili, kutoka ukamuaji wa kwanza. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote, na utumbo wake hupitisha kinga ya dang'a kwa saa chache tu kabla haujajifunga. Desturi ya kumwaga dang'a kwa kudhani ni chafu imeua ndama wengi.

Mbinu moja ndogo ya huko: jike aliye karibu kuzaa hupewa chakula kikuu usiku badala ya asubuhi, na wengi huzaa mchana, watu wakiwa macho.

*Naweza kupata mbegu ya Charolais nimpandie jike wangu wa kienyeji?*
Kijana wa Kwale

Jibu: Tunakuomba usifanye. Charolais ni ng'ombe wa nyama wa Kifaransa; ndama wake ni mkubwa, na nyonga za jike wetu mdogo zaweza kumshinda, ukapoteza wote wawili. Akipona, damu hiyo haina mazoea ya joto la Pwani, ndigana kali iletwayo na kupe, wala ndorobo iletwayo na mbung'o upande wa Shimba Hills. Boran au Sahiwal kwa nyama, chotara wa Sahiwal au Jersey kwa maziwa. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu chanjo ya ndigana kali, ambayo ng'ombe hudungwa mara moja tu maishani.

*Nasikia kule ng'ombe mwenye afya huchinjwa kwa kipimo tu cha kifua kikuu. Si dhuluma?*
Bibi wa Old Town

Jibu: Shikamoo bibi. Inauma, na wafugaji wenyewe husema inauma. Kila kundi hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Daktari hupima unene wa ngozi shingoni mahali pawili, hudunga dawa ya kupimia kifua kikuu cha ndege pamoja na ya kupimia kile cha ng'ombe, na hurudi baada ya saa 72. Sehemu zote mbili hulinganishwa ili ng'ombe aliyekutana na vijidudu visivyo na madhara asihesabiwe mgonjwa. Anayeonekana ameambukizwa huondolewa, mwenyewe hulipwa fidia, na kundi huzuiwa kuuzwa ovyo mpaka lipite vipimo viwili vilivyoachana angalau siku 60. Mnyama huyo anaonekana mzima leo, lakini anaweza kuwa anaambukiza wenzake, na hata watu kupitia maziwa. Kwa hiyo nasi nyumbani, maziwa mabichi ya mlangoni yachemshwe mpaka yafure, hata yakiwa ya kugandisha mtindi.

*Mwanangu yuko huko kwenye shamba la ng'ombe, nakwenda kumzuru. Nimpelekee samli na nyama kavu?*
Mama wa Tudor

Jibu: Viache vyote viwili, mama. Msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala vitokanavyo na maziwa, na samli imo. Hofu yao ni ugonjwa wa miguu na midomo. Mwaka 2001 ng'ombe na kondoo wengi waliuawa baada ya ugonjwa huo kuonekana katika kaunti ya Louth. Embe nalo lataka cheti cha afya ya mimea. Nazi na tende hazihitaji cheti hicho, mpelekee hizo.

Na viatu ulivyovaa ukipita zizini huku, hata ukivisafisha, usivipeleke. Mwanao atakupa buti za shamba lao, uzivae humo na kuziacha humo.